Namba iliyosingiziwa utasa

Tia shilingi moja kwenye kibubu leo. Kesho tia mbili, keshokutwa nne, mtondo nane, na kila siku tia mara mbili ya ulichotia jana. Wiki ikiisha una shilingi 127, hazitoshi hata nauli ya daladala. Siku ya thelathini kibubu kimeshapita bilioni moja. Ukifika siku ya sitini na saba, jumla ya vilivyomo ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Ni tarakimu 21. Kiswahili kina laki, milioni, bilioni na trilioni, lakini hapa wengi wetu tutaishia kuisoma tarakimu moja moja kama namba ya simu. Wanahisabati huiandika kwa kifupi 2⁶⁷ − 1, yaani mbili sitini na saba zilizozidishwa pamoja, kisha moja ikatolewa. Kompyuta, ambayo haina tarakimu nyingine zaidi ya 0 na 1, huiandika kuwa safu ya moja sitini na saba, bila sifuri hata moja.

Sikuichagua kwa ukubwa wake. Ziko kubwa kuliko hiyo zisizo na siri yoyote. Andika 1 ikifuatwa na sifuri 21, na mtoto wa darasa la tano atakwambia imejengwa kwa mbili 21 na tano 21, basi. Hii yetu haifiki hata moja ya sita ya hiyo, lakini ilikaa miaka 259 ikiwa na kitu ndani ambacho hakuna aliyekiona. Ukubwa wa namba ni jambo moja, tabia yake ni jambo jingine, na naamini shule zetu zinafundisha la kwanza na kulisahau la pili.

Darasani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe tunaiita namba tasa. 7 ni tasa, 13 ni tasa, 15 si tasa kwa sababu ndani yake mna 3 na 5. Neno lenyewe ni zito. Mitaani kwetu tasa ni jina analobandikwa mwanamke ambaye hajapata mtoto, mara nyingi kabla daktari hajampima yeye wala mumewe. Hutamkwa na mtu mwenye heshima katika ukoo, wengine hulipokea, na likishapokewa hakuna anayeuliza limetoka wapi. Kila nikiifikiria 2⁶⁷ − 1 hulikumbuka jambo hilo, maana nayo iliitwa tasa hadharani, na mtu mwenye heshima, pasipo kipimo.

Mtu huyo ni Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wanazuoni wakubwa wa zama zake, Descartes, Galileo na Fermat. Enzi hizo majarida ya sayansi hayajakuwapo, na chumba chake ndicho kilichokuwa posta ya wanahisabati wa Ulaya. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo kumi na kimoja (kipeo ni ile namba ndogo ya juu, kama 67 katika 2⁶⁷): 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alidai kwamba ukiipandisha 2 kwa kipeo chochote cha hivyo, kisha ukatoa moja, utapata namba tasa, na kwamba mpaka kufikia 257 hakuna vipeo vingine vya namna hiyo.

Alikuwa na sababu ya kuzitafuta. Tangu zama za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ilijulikana kwamba kila tasa ya aina hii huzaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ikiondolewa yenyewe. Kutokana na 7 unapata 28, na 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Kutokana na 31 unapata 496. Kwa watu wa zama zile kuzipata namba hizi kulikuwa karibu na ibada.

Mersenne mwenyewe alikiri kwamba kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo muda wote wa dunia usingeitosha. Namba aliyoipa kipeo 67 ina tarakimu 21. Ya 127 ina 39, ya 257 ina 78. Basi alijua kwamba hakuzipima. Orodha yake naiheshimu nikiichukulia kuwa dokezo la mtu mwenye jicho kali. Kosa ni la waliokuja nyuma yake, waliolichukua dokezo wakaligeuza hukumu kwa sababu tu jina lililokuwa juu yake lilikuwa kubwa. Ilipokuja kukaguliwa yote, ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje. Wapo wanaomtetea kwamba huenda mchapaji alisoma 61 akapanga 67. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu mchapaji hawezi kubebeshwa pia 89 na 107.

Cha kusikitisha ni kwamba vifaa vya kupimia vilikuwapo mezani pake. Mwaka 1640, miaka minne kabla ya orodha, Fermat alimwandikia barua yenye kanuni mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuzitumia leo. Ya kwanza: kipeo kikigawanyika, namba nayo inagawanyika. Kipeo 6 ni 2 mara 3, na 2⁶ − 1 ni 63, inayogawanyika kwa 3 na kwa 7, ambazo ni 2² − 1 na 2³ − 1. Kwa hiyo vipeo vya kuhangaika navyo ni vile vilivyo tasa tu. Hata hivyo utasa wa kipeo peke yake haudhamini kitu: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89.

Kanuni ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Ikiwa kipeo ni tasa isiyo 2, kila kigawo cha namba hiyo, ukikigawa kwa mara mbili ya kipeo, lazima kibakize 1. Itazame 2047. Kipeo ni 11, mara mbili yake ni 22. Gawa 23 kwa 22, baki ni 1. Gawa 89 kwa 22, baki ni 1. Hii ni sheria ya ndani ya namba, inayowachagua wageni mlangoni kabla hujaanza kugawa.

Fermat aliitumia papo hapo kwa 2³⁷ − 1, ambayo ni 137,438,953,471. Mara mbili ya 37 ni 74, kwa hiyo kigawo kitakuwa 75, 149, 223 na kuendelea kwa kuruka 74. 75 si tasa, ikaachwa. 149 haikugawa. 223 iligawa. Namba ya zaidi ya bilioni mia ilifunguka kwenye jaribio la pili la kweli.

Sasa peleka kanuni hiyohiyo kwa 67. Mara mbili ya 67 ni 134. Jaribu 135, 269, 403, endelea. Leo tunajua kwamba kigawo cha kwanza kinakaa kwenye mruko wa 1,445,580. Hata ukiongeza kanuni nyingine iliyokuja baadaye, kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7, bado zinabaki namba 722,790 za kuzikagua mpaka uifikie. Namba mbili za ukoo mmoja, zenye sura moja na sheria moja: moja imefunguka kwa kalamu ya asubuhi moja, nyingine imekaa kimya karne mbili na nusu. Hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kuzitazama. Hapo ndipo penye mvuto wa jambo hili zima, na anayesema hisabati ni somo kavu hajawahi kuonyeshwa mahali hapo.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Hakutaja kigawo hata kimoja. Jambo hili huwashangaza wanafunzi kila mara, na wana haki ya kushangaa: utajuaje kwamba namba inagawanyika ikiwa hujui inagawanyika kwa nini?

Mnunuzi wa nazi sokoni hana haja ya kuivunja ili ajue kama ina maji. Huitikisa karibu na sikio. Kipimo cha Lucas, katika sura iliyokuja kunyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ni kutikisa kwa namna hiyo. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, na ushike baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawa, shika baki. Fanya hivyo mara zilizo sawa na kipeo ukipunguza mbili. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa, na hakuna rufaa.

Jaribu kwa 31, ambayo kipeo chake ni 5, kwa hiyo hatua ni tatu. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194, ambayo kwa 31 inabakiza 8. 8 inazaa 62, na 62 kwa 31 inabakiza 0. Tasa. Kisha jaribu kwa 2047, hatua tisa. Mabaki yanakuja hivi: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. La mwisho si sifuri, kwa hiyo 2047 si tasa, na katika safari nzima 23 wala 89 haikutajwa. Chukua karatasi uifanye mwenyewe. Kuisoma tu haitoshi. Ukitaka kujua utamu wa ngoma, ingia ucheze.

Kwa 67 hatua ni sitini na tano, kila moja ikiwa kuzidisha namba ya hadi tarakimu 21 kwa yenyewe. Ni kazi ya kuchosha, lakini ina mwisho unaojulikana, na hiyo ndiyo tofauti kati yake na kutafuta kigawo gizani. (Lucas huyuhuyu ndiye aliyetoa mwaka 1883 fumbo la Mnara wa Hanoi, la visahani vinavyohamishwa kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Ukiwa na visahani 67, idadi ndogo kabisa ya mihamisho ni 2⁶⁷ − 1. Ukihamisha kimoja kwa sekunde utahitaji zaidi ya miaka trilioni 4.6, ambayo ni zaidi ya mara 300 ya umri wa ulimwengu.)

Kwa hiyo kuanzia 1876 hali ikawa ya ajabu. Jina la utasa lilikuwa limefutwa kwa uthibitisho kamili, lakini hakuna mtu duniani aliyekuwa ameviona vigawo. Hali hiyo ilidumu miaka ishirini na saba.

Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, aliinuka Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akaipandisha 2 mpaka kipeo cha 67 na kutoa moja. Akasogea upande wa pili wa ubao, akaandika namba mbili na kuanza kuzizidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari, hadi jibu la upande huu likalingana na la upande ule. Akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa pia kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Visa vya aina hii huongezwa chumvi vikipita midomoni, kwa hiyo sivishikilii. Ninachoshikilia ni namba zenyewe:

193,707,721 × 761,838,257,287

Cole hakupita mlangoni kwa mgombea mmoja mmoja. Alitumia mabaki ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe kama chekeche, akichuja makundi makubwa ya wagombea kwa mara moja. Kalamu na karatasi ndivyo vilikuwa vyombo vyake.

Jioni moja niliamua kuifanya hesabu hiyo kwa mkono, kwa sababu sikupenda kuwa mtu mwingine tena wa kuipokea kwa kusikia. Si ngumu kama inavyoonekana. Namba ya juu ina tarakimu tisa, moja kati yake ni sifuri, kwa hiyo mistari ni minane. Tarakimu 7 inajirudia mara tatu na 1 mara mbili. Hivyo unachohitaji kutafuta ni mara mbili, mara tatu, mara saba na mara tisa ya 761,838,257,287. Mara saba yake ni 5,332,867,801,009, ukishaipata unainakili mara tatu mahali pake. Kisha unajumlisha. Nilikosea safu moja, nikarudia, na chini ya mstari wa mwisho zikatoka tarakimu zilezile 21, kuanzia 147 hadi 927. Furaha niliyoipata ni ya kweli, ingawa jibu nililijua tangu mwanzo.

Hoja yangu inatoka hapo. Dai la Mersenne lilihitaji umwamini Mersenne. Uthibitisho wa Lucas ulihitaji uelewe nadharia yake, na si wengi wanaoweza. Dai la Cole halihitaji umwamini mtu yeyote. Msichana wa darasa la saba kijijini, mwenye daftari la mraba na penseli, anaweza kumkagua profesa wa Columbia kwa muda wa kipindi kimoja, na kama profesa amekosea atamkamata. Kulipata jibu kulichukua miaka, kulikagua kunachukua dakika. Ni vitu vichache sana duniani vinavyompa mtoto uwezo wa namna hiyo mbele ya mtu mzima mwenye cheo.

Sisi tunamnyima. Namba tasa huingia darasani kuwa orodha ya kukariri mpaka 100, kisha zinakuwa ngazi ya kupandia kwenda kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS), kisha mtihani, kisha zinasahauliwa. Mtoto anatoka shuleni akiamini kwamba kuzidisha namba ndefu ni adhabu ambayo simu imetuondolea. Nadhani hasara hapo si ya kasi ya kuhesabu, maana simu kweli inatushinda sote. Hasara ni kwamba hajawahi hata mara moja kutumia kuzidisha kwake kuamua ukweli wa jambo lililobishaniwa na watu wakubwa. Swali moja tu ubaoni, lenye namba mbili za Cole, lingeweza kumpa hilo. Halihitaji maabara wala umeme.

Kuna watakaouliza linamsaidia nini maishani. Kazi iliyo rahisi kwenda na ngumu kurudi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya usalama wa intaneti. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Marekani, walibuni mfumo wa kuficha ujumbe ambao kufuli lake ni namba kubwa iliyotokana na tasa mbili zilizozidishwa. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua, kuzitenganisha ni kazi ya kukata tamaa. Namba ya tarakimu 129 waliyoitoa kuwa changamoto ilivunjwa mwaka 1994 na mamia ya watu waliojitolea kompyuta zao. Ya tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020. Makufuli ya kawaida ya mfumo huo leo yana tarakimu 617. Yaani mateso ya Cole, Jumapili baada ya Jumapili, yamegeuzwa ukuta.

Namba yake yeye haiwezi tena kumlinda mtu. Simu yoyote huifungua papo hapo. Ukoo wake ndio umeendelea kukua. Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani, yenye tarakimu 41,024,320. Hiyo ni tasa kweli, na miongoni mwa vipimo vilivyoithibitisha kimo kipimo kilekile cha kuanza na 4.

Lakini inayonikosesha usingizi ni ndogo kuliko hiyo mno. Ni 2¹²⁷⁷ − 1, namba ya tarakimu 385, inayoenea kwenye aya moja ya gazeti. Imetikiswa na maji yamesikika: si tasa, jambo hilo limethibitishwa na halina ubishi. Kompyuta zimeisaka miaka na miaka, na hakuna kigawo chake hata kimoja kilichoonekana. Ndiyo ndogo kuliko zote za ukoo huu zilizo katika hali hiyo, hali ileile ya 67 kati ya Lucas na Cole. Hata hivyo kigawo hicho, popote kilipo, tayari kina alama mbili tunazozijua. Kigawe kwa 2554, kitabakiza 1. Kigawe kwa 8, kitabakiza 1 au 7.